Dohani iliyopasuka: lipu mpya, vigae, bomba la chuma, au kuifunga?

Mwezi wa saba Lushoto, ukungu ukishashuka kutoka Magamba, nyumba ya matofali hupoa upesi. Nyumba anayokaa mama ni ya wakati wa Mwingereza. Ina dari ya mbao na madirisha madogo, na mnara mmoja wa dohani unaotumiwa na meko mawili, ya sebuleni na ya chumba cha kulala upande wa pili wa ukuta. Yote mawili yalizibwa kwa matofali nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Tangu hapo dawa ya baridi ikawa jiko la mkaa. Linawashwa nje, likishika vizuri linaingizwa sebuleni, mlango unafungwa.

Jiko hilo ndilo lililonifanya niifufue dohani. Mkaa ulioshika hautoi moshi, kwa hiyo watu huuona salama, kumbe unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Aliyeivuta huumwa kichwa, husinzia, na katika chumba kilichofungwa anaweza asiamke. Mama ana miaka zaidi ya sabini na hulala mapema. Nilitaka moto wenye njia yake ya kutolea moshi, nikajua pia kwamba njia mbovu inamrudishia gesi ileile aliyokuwa nayo.

Yafuatayo nimeyapata kwa kupanda juu ya paa, kwa kusoma, na kwa kusumbua mafundi. Ni kwa aliye na nyumba kama hiyo huku Usambara, Mufindi au Njombe, na hata kule Limuru na Molo nchini Kenya, kwani nyumba za walowezi zilijengwa kwa namna inayofanana.

Kwanza ujue kilichoharibika

Huwezi kulinganisha matengenezo kabla hujajua unatengeneza nini. Dohani nyingi za zamani hazina bomba ndani. Hata Uingereza kwenyewe, sheria ya kuweka vigae au bomba ndani ya kila dohani mpya ilianza kutumika mwaka 1966. Kabla ya hapo mwashi alipandisha tundu la matofali, mara nyingi la inchi 9 kwa 9, yaani kama sentimita 23 kila upande, na huku akipanda alilipaka ndani lipu ya chokaa. Chokaa hiyo waliichanganya na samadi ya ng'ombe ili isipasuke kwa moto. Anayetoka huku milimani hatashangaa, bibi zetu walisiriba kuta kwa samadi hiyohiyo.

Lipu ya namna hiyo hudumu miaka mingi, lakini haidumu milele. Masizi yana asidi, na mvua ikiingia kwa juu huyalowanisha, maji yake yakala chokaa na udongo wa kwenye viungo vya matofali. Mwisho lipu inabanduka vipande vipande, viungo vinabaki wazi, na moshi unapata njia ya kwenda dari, chumba cha jirani, au kwenye boriti iliyochomekwa ukutani.

Dalili ya kwanza ilikuwepo miaka yote, hatukuijua. Ukutani chumbani kwa mama, karibu na dari, palikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi iliyokolea, lenye ukingo wa njano. Lilipakwa rangi mara tatu na mara tatu likarudi. Nilipolisogelea nikanusa harufu ya masizi yaliyolowa. Doa la aina hiyo ni lami ya moshi inayopenya kutoka ndani ya dohani. Ukiliona kwako, usiwashe kitu mpaka umekagua.

Tulikagua kwa njia tatu, na hakuna hata moja iliyotaka mtaalamu wa kutoka mbali. Tulianza kwa kubomoa matofali yaliyoziba mdomo na kuondoa kilichokuwemo: debe mbili za masizi, majani, mifupa ya ndege, na masega makavu ya nyuki waliohama. Kama nyuki bado wapo, mwite mrina asali kwanza. Usiwafukuze kwa kuwasha moto, maana nta ikiyeyuka ndani ya dohani nayo inashika moto.

Kisha nilifunga simu kwenye kamba, nikabana tochi ndogo juu yake, nikawasha kurekodi video, na kijana akaishusha polepole kutoka juu ya paa. Video ya dakika nne ilitufundisha kuliko porojo za wiki nzima. Mita mbili za juu lipu ilikuwa imeisha yote na viungo vimeliwa kiasi cha kuingiza kidole. Chini ya hapo tofali zilikuwa nzima. Ila kama usawa wa dari, ukuta mwembamba wa nusu tofali unaotenga tundu la sebuleni na la chumbani ulikuwa na pengo. Matofali manne au matano yalikuwa yameanguka.

Jaribio la moshi likathibitisha. Tuliziba juu kwa gunia lililolowa, tukafukiza majani mabichi kwenye meko ya sebuleni, tukazunguka nyumba nzima. Moshi ulitokea chumbani kwa mama katika muda usiotosha kuchemsha chai. Kama tungewasha moto wa kweli usiku ule kwa kuamini kwamba dohani ni dohani, gesi yote ingekwenda kitandani kwake.

Kwa hiyo kuna uharibifu wa aina tatu, na kila tiba ina ugonjwa wake. Kuna lipu iliyobanduka huku tofali na viungo vikiwa vizima. Kuna sehemu ya juu iliyoliwa na mvua. Na kuna tundu lililovunjika, yaani lenye pengo, ufa mrefu, au mbao iliyoingia kwenye njia ya moto. Wengi huchanganya, wakatibu la tatu kwa dawa ya la kwanza.

Lipu mpya ndani

Hii ndiyo rahisi kwa pesa, na ndiyo kila fundi atakayokuambia kwanza. Wa kwanza niliyemwita alitaka kumimina udongo wa saruji kutoka juu na kuusambaza kwa gunia lililofungwa kwenye kamba. Alikuwa na nia njema, lakini kazi hiyo isingedumu. Saruji ya kawaida ya mifuko haikupikwa kwa ajili ya moto. Ikifika kwenye nyuzi 400 na zaidi huanza kuvunjika ndani kwa ndani, na ikipoa hunyonya unyevu wa hewani ikavimba na kupasuka zaidi. Moto wa kila siku huenda usiifikishe hapo sehemu za juu, lakini karibu na koo la meko, pale moshi unapoingia dohani, inafika, na masizi yakiwaka siku moja, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000.

Lipu inayofaa ni ya chokaa na mchanga kwa sehemu za juu, na karibu na moto ni saruji ya moto, ile wanayojengea tanuri za mikate na boila, ikichanganywa na unga wa tofali za moto zilizosagwa. Huku kwetu waulize mafundi wanaohudumia boila za kuni kwenye viwanda vya chai. Wanaijua vizuri na wanajua inapopatikana.

Shida ya lipu ni mkono. Tundu la sentimita 23 haliingii mtu, kwa hiyo ili kuipaka kweli lazima utoboe ukuta kila baada ya mita moja hivi, upake kwa juu na kwa chini ya kila tobo, kisha uzibe. Kwenye dohani ya mita 7 hayo ni matobo sita au saba kwenye ukuta wa sebule. Ulaya wana mashine inayovuta sponji nzito ndani ya tundu huku ikisukuma udongo maalumu kwenye nyufa. Kwa dohani za huku sijaona sababu ya kuifuata yote hiyo.

Hukumu yangu: lipu ni ya dohani fupi au pana ambayo mwili wake ni mzima. Dohani ya jiko la nje, au ile ya nyumba za misheni yenye tundu pana la kuingiza mabega, ipigwe lipu na itadumu. Kwa dohani yenye pengo kama yetu, lipu haizibi chochote. Inaning'inia hewani, na siku ya baridi ya kwanza inaanguka.

Vigae vya udongo

Hapa nazungumzia mabomba mafupi ya udongo uliochomwa, yanayopangwa moja juu ya jingine kuanzia koo la meko hadi juu. Kwa moto wa wazi, ule wa kukaa kuuangalia, sijui kitu bora kuliko hivi. Udongo uliochomwa hauogopi asidi ya masizi wala hauna kutu, na hata masizi yakiwaka una nafasi nzuri ya kubaki. Dohani iliyowekwa vigae vizuri humaliza miaka 50 bila kuguswa.

Lakini fundi akikosea mambo mawili, faida yote inapotea. La kwanza ni upande. Kila kigae kina mdomo mpana na mkia mwembamba, na mdomo lazima utazame juu, ili kigae cha juu kiingie ndani ya cha chini. Maji ya lami yanayoteremka yabaki ndani yakauke kwa joto. Kikigeuzwa, kila kiungo kinageuka kuwa mfereji wa kutolea lami ukutani, na doa la chai linarudi. La pili ni nafasi kati ya kigae na tofali. Usiijaze zege. Kigae kikipata moto hutanuka, na kikibanwa na zege kinapasuka. Jaza mchanganyiko mwepesi na dhaifu, wenye kokoto nyepesi za pamisi na chokaa na saruji kidogo sana, wa kushikilia tu na kutunza joto.

Ukimwagiza mfinyanzi au mchoma tofali, pima uchomaji kwa sikio. Kigonge kwa kipande cha chuma: kilichoiva hulia kama kengele, kibichi hutoa mlio wa kopo lililojaa maji. Mabomba ya udongo ya maji taka si mbadala, hayakutengenezwa kwa moto.

Kinachovunja moyo ni ujenzi wenyewe. Kigae chenye tundu la sentimita 20 kwa ndani kina unene wake, na kwa nje hakiingii kwenye tundu la sentimita 23. Kwa hiyo vigae maana yake ni kufungua dohani nzima upande mmoja, kuipanua na kuijenga upya. Kama mnara wako umepinda au umeoza hadi sakafuni na utajengwa upya vyovyote vile, weka vigae bila kusita. Kama sehemu kubwa ni nzima, unabomoa kizuri ili uingize kizuri kingine, na kwenye nyumba ya zamani kila tofali unalolivuta linataka kutoka na jirani yake.

Bomba la chuma cha pua

Bomba linateremshwa ndani ya dohani ya zamani, na dohani inabaki kuwa ganda tu. Hata kama tofali za katikati zimeanguka, moshi hauzijui tena, una njia yake kutoka jiko hadi angani. Kwa pengo kama letu, hii ndiyo tiba ya moja kwa moja, na ukuta wa sebule hauguswi.

Kuna bomba la kunyumbulika, linaloagizwa kutoka nje likiwa limeviringishwa, na kuna la vipande vigumu ambavyo fundi wa mabati mwenye mashine ya kukunja anaweza kuvitengeneza Tanga, Arusha au Dar. La kunyumbulika linafaa dohani yenye kona. Kuwa macho hapo. Lenye ngozi moja ni la majiko ya gesi tu, na la kuni ni lile lenye ngozi mbili. Kwa dohani iliyonyooka kama yetu, vipande vigumu vinatosha, na kikiharibika kimoja unakibadilisha hichohicho.

Chuma chenyewe kiwe cha pua kweli. Kwa kuni wanashauri daraja la 316. Daraja la 304 ndilo la masufuria mazuri, linapatikana zaidi madukani, ila linavumilia asidi kidogo kuliko 316. Nenda na sumaku. Mabati huivuta kwa nguvu, na chuma cha madaraja haya mawili hakiivuti, au huivuta kwa mbali sana. Usikubali bomba la mabati hata ukiambiwa ni nene. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi 419, mvuke wake unaumiza kifua, na kinachobaki ni chuma kitupu kinacholiwa na asidi ya masizi. Nimeyaona mabomba ya mabati kwenye nyumba za wageni hukuhuku milimani, yametoboka kama chekeche.

Kuna hesabu moja ambayo mafundi huisahau. Chuma cha pua hurefuka kinapopata joto, na bomba la mita 7 likipanda nyuzi 300 huongezeka kama sentimita 3 na nusu. Ukilifunga kwa zege juu na chini, kitu lazima kipinde au kichanike. Likazwe chini, na juu lipite kwenye bamba lililo huru, likiwa na kofia yake. Vipande viunganishwe kama vigae, cha juu kiingie ndani ya cha chini. Na nafasi inayobaki kati ya bomba na tofali ijazwe kitu chepesi kisichoungua, kama sufi ya mawe (nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa), maana bomba lililo uchi ndani ya dohani kubwa ya baridi hupoa, moshi ukapoa nao, na moshi uliopoa huacha lami badala ya kutoka.

Umri wake ni mfupi kuliko wa vigae, na unautegemea wewe. Ukichoma kuni mbichi litakufa mapema.

Mdomo wa meko nao una neno

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanatengeneza dohani kana kwamba haihusiani na meko. Moto wa wazi unavuta hewa nyingi ya chumba pamoja na moshi, na vyote vinapita palepale. Mwongozo wa Waingereza ni kwamba meko yenye mdomo usiozidi sentimita 50 kwa 55 yanatoshewa na tundu la duara la sentimita 20, na yaliyo makubwa zaidi yanahitaji tundu lenye eneo la asilimia 15 ya eneo la mdomo.

Meko yetu ya sebuleni yana upana wa sentimita 85 na kimo cha 70. Hayo ni sentimita za mraba 5,950, na asilimia 15 yake ni karibu 890. Bomba la duara la eneo hilo lina kipenyo cha karibu sentimita 34. Tundu letu la tofali lina sentimita za mraba 529 tu, na ukiingiza bomba la sentimita 20 unabaki na 314. Maana yake, ukitengeneza dohani kwa bomba la chuma na kuacha mdomo ulivyo, umenunua sebule iliyojaa moshi. Lipu nayo inapunguza: ukipaka sentimita moja na robo kila upande, 23 inakuwa 20 na nusu.

Kwa hiyo anayetaka bomba la chuma ana njia mbili. Apunguze mdomo wa meko kwa tofali za moto mpaka ulingane na bomba, au aweke jiko la chuma lenye mlango ndani ya meko. Jiko lililofungwa halihitaji njia pana, majiko mengi ya nyumbani yanatosheka na bomba la sentimita 15. Na joto lake ni jambo jingine kabisa. Moto wa wazi unakupa takriban robo ya joto la kuni zako, linalobaki linapasha mawingu. Jiko zuri lililofungwa linakuachia chumbani zaidi ya theluthi mbili. Kwa mtu anayenunua kuni kwa mzigo, au anayebeba mwenyewe kichwani, hili si jambo dogo.

Najua wako wanaoniambia moto bila kuuona si moto. Nawaelewa, maana nami nilikua nikiuangalia. Weka jiko lenye kioo, au jenga kwa vigae na mdomo mdogo. Usijaribu tu kupata vyote kwa njia moja nyembamba.

Juu ya paa

Lolote utakalochagua, karibu kila dohani ya zamani itadai mita yake ya juu ijengwe upya, maana ndiyo iliyosimama kwenye mvua na jua bila kinga. Hapa usibane pesa. Bomoa mpaka ufike tofali ambalo viungo vyake havichimbiki kwa ncha ya msumari. Jenga kwa tofali za kuchoma zilizoiva na udongo wa chokaa wenye saruji kidogo, weka kichwa cha zege kilichotokeza pembeni ili maji yadondoke mbali, na bati la kuziba maji mahali dohani inapopita paa. Dohani iliyo karibu na mgongo wa paa ipite mgongo huo kwa sentimita 60 au zaidi, na kutoka moto hadi mdomo wa juu urefu usipungue mita 4.5, la sivyo moshi hauvutwi vizuri.

Ukiwa huko, ingia pia darini na tochi. Angalia kenchi na boriti zote zilizo karibu na dohani. Mbao ikae angalau sentimita 5 mbali na uso wa nje wa matofali. Kwetu boriti moja ilikuwa imechomekwa ndani ya mwili wa dohani, na ncha yake ilikuwa nyeusi kama kuni iliyozimwa. Waliotutangulia waliota moto miaka mingi nyumba ikiwa imebakiza kidogo kuwaka. Tuliikata, tukaishikilia kwa mbao mbili za pembeni.

Kuifunga nayo ni chaguo

Si kila dohani inastahili kufufuliwa. Kama mnara umeinama, kama una matundu mawili yaliyobomokeana na unahitaji moto chumba kimoja tu, au kama nyumba itauzwa, ifunge. Ila ifunge kwa adabu. Isafishe masizi, weka kofia juu inayozuia mvua na kuruhusu hewa, na kwenye ukuta uliozibwa chini acha tundu dogo lenye wavu. Dohani iliyozibwa pande zote hukusanya unyevu, na unyevu ukikutana na masizi ya zamani unakutolea ukutani kila kitu.

Unaweza pia kuacha dohani ya zamani kabisa na kuweka jiko la chuma lenye bomba lake jipya la ngozi mbili, lenye sufi katikati, likipita ukutani au kwenye paa. Kwa nyumba isiyo na urithi wa kulinda, hiyo inaweza kuwa njia ya haraka kuliko zote. Kwa nyumba ya mama sikuipenda, kwa kuwa ingelazimu kutoboa dari ya mbao isiyopatikana tena.

Tulivyoamua

Fundi tuliyekubaliana naye ni mzee wa Soni aliyejenga tanuri na boila maisha yake yote. Aliiangalia ile video mara mbili, akaomba niirudishe pale penye pengo, kisha akasema, "Mwanangu, hapa usimwombe mwashi, mwombe fundi bomba. Mwashi abaki juu ya paa." Nilimuuliza kuhusu vigae, kwa sababu roho yangu ilikuwa huko. Akanijibu kwamba vigae ni vizuri kwa nyumba inayojengwa, lakini mama yangu hakai kwenye nyumba inayojengwa.

Tulijenga upya mita mbili za juu. Tukateremsha bomba la chuma cha pua la sentimita 15 kwenye tundu la sebuleni, tukalivika sufi ya mawe, na chini tukaweka jiko la chuma lenye mlango wa kioo lililochomelewa Tanga na kuwekwa tofali za moto ndani. Tundu la chumbani tulilifunga moja kwa moja, likiwa na kofia na wavu wake. Chumba cha mama kinapata joto kupitia mlango unaoachwa wazi jioni, na hewa ambayo moto unaihitaji inaingia sebuleni kupitia tundu dogo la ukutani nyuma ya jiko, ambalo nimewakataza wote wasiliwekee kitambaa. Sebuleni kuna king'ora cha kaboni monoksaidi cha betri, mita mbili kutoka kwenye jiko hilo. Mtu akiniambia atachagua kimoja kati ya king'ora na kofia nzuri ya dohani, nitamwambia anunue king'ora leo na kofia mwezi ujao.

Huku Usambara kazi kama hii ipangiwe Januari na Februari, vuli ikiwa imepita na masika haijafika. Chokaa haitaki haraka. Tuliacha wiki nne kabla ya kuwasha, kisha siku tano za moto wa vijiti tu, kila siku mkubwa kidogo kuliko wa jana, ili maji yaliyomo kwenye udongo yatoke bila kupasua. Ukianza kujenga mwezi wa sita kwa sababu baridi imekushika, utawasha ukiwa umelowa.

Kuni ziwe zimepasuliwa na kukaa chini ya banda lililo wazi pembeni kwa karibu mwaka mzima. Mti mbichi nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na maji hayo ndiyo yanayopoza moshi ukawa lami. Sisi tunatumia miwati na mikaratusi iliyokauka mpaka imepasuka ncha. Bomba tunalisafisha mara mbili, kabla ya baridi na baada yake, kwa brashi ya nyuzi za plastiki na kamba, kamwe si kwa mnyororo, ambao hukwaruza chuma na kuvunja vigae.

Doa la chumbani tuliliacha mwisho. Rangi haikulishinda kwa sababu lami ilikuwa imeingia kwenye lipu yenyewe, kwa hiyo tulibandua lipu mpaka kwenye tofali, sentimita 30 kupita ukingo wa njano, tukapiga lipu ya chokaa na kuiacha ikauke miezi miwili bila rangi. Masika yote mama alikuwa akinipigia simu kuniambia limekaaje. Mwezi wa nne mvua zilinyesha siku tisa mfululizo, na ukuta ulibaki mweupe.